Maswali ya Wasomaji: Mtandao Umekatika, au Umekatwa?

Tangu mahakama ya rufaa ya Marekani ifute kanuni za usawa wa mtandao Januari 2, 2025, safu hii imekuwa ikipokea swali lilelile kwa sura tofauti, kutoka Ipogolo hadi Tunduma: habari hizi zinatuhusu nini sisi tunaonunua bando la mia tano? Safari hii tumejibu barua saba. Majina tumeyaacha. Kazi na mahali tumeviweka, kwa sababu jibu hutegemea uko wapi na unatumia nini.

*

Shikamoo Mhariri. Redioni walisema mahakama ya Marekani "imeua usawa wa mtandao" na sasa kampuni za intaneti ndizo zitakazoamua watu waone nini. Kesho yake gazeti likaandika kwamba hakuna kilichobadilika. Nani mkweli? Na bando langu la hapa Tukuyu litaguswa?
— Mwalimu wa sekondari, Tukuyu

Marahaba, Mwalimu. Redio imeshika kichwa cha habari, gazeti limeshika mkia, na mnyama ni mmoja.

Usawa wa mtandao ni kanuni kwamba anayekuuzia intaneti asibague data kwa kuangalia ni ya nani. Mizani ya barabarani hupima uzito wa lori. Haiulizi kama ndani mna viazi vya Uyole au parachichi za Njombe, wala haimpitishi haraka mwenye parachichi kwa kuwa kalipia pembeni. Kampuni kukutoza kwa GB au kwa kasi ni biashara ya kawaida. Ikianza kukuchelewesha, kukuzuia au kukutoza zaidi kwa sababu ya mwenye mzigo, hapo ndipo usawa unapovunjika. Jina hilo lilienea kutokana na makala ya mwaka 2003 ya Tim Wu, profesa wa sheria wa Marekani.

Tume yao ya mawasiliano, FCC, ina viti vitano vya makamishna. Februari 26, 2015 ilipitisha kanuni kali kwa kura 3 kwa 2. Desemba 14, 2017 ikazifuta, 3 kwa 2. Aprili 25, 2024 ikazirudisha, 3 kwa 2 tena. Hesabu hiyo haina ufundi wowote ndani yake: chama kilichoshika Ikulu ndicho hupata viti vitatu. Mahakamani ugomvi ni wa tafsiri. Je, kuuza intaneti ni huduma ya mawasiliano kama simu ya mezani, ambayo sheria yao inaruhusu iwekewe masharti mazito, au ni huduma ya taarifa, ambayo masharti yake ni mepesi? Mahakama ya rufaa ya mzunguko wa sita, iliyoko Cincinnati, ilisema ni huduma ya taarifa, na kanuni zikaanguka.

Mbona basi gazeti liliandika hakuna kilichobadilika? Kwa sababu kanuni za 2024 hazikuwahi kufanya kazi hata siku moja. Mahakama hiyohiyo ilizisimamisha katikati ya mwaka 2024 kabla hazijaanza. Kilichouawa kilikuwa bado tumboni. Tena jimbo la California lina sheria yake ya usawa ya mwaka 2018, na uamuzi huo haukuifuta. Ripota aliyesema "imeua" bila kueleza haya mawili amekupa habari ya kweli inayopotosha.

Bando lako la Tukuyu halisimamiwi na FCC. Linasimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, ile inayoitwa EPOCA, na kanuni zilizo chini yake. Ukiona kasi imeshuka wiki iliyofuata hukumu ya Cincinnati, sababu itafute karibu zaidi na nyumbani.

*

Nina stationery na kompyuta nane Mafinga. Nikipima kasi napata Mbps 20 safi kabisa, lakini ikifika jioni video za wateja zinazunguka tu. Nimesoma habari za Netflix ya video na Comcast ya intaneti huko Marekani nikaona ni hayahaya: kampuni yangu inabana video. Nitathibitishaje?
— Mwenye stationery, Mafinga

Ndugu, inawezekana inabana. Inawezekana pia haina habari kabisa. Dalili za hali hizi mbili hazifanani, nawe unaweza kuzitenganisha kwa siku tatu za kupima.

Kwanza ujue hicho kipimo kinapima nini. Programu maarufu ya Ookla huchagua seva iliyo karibu nawe, na mara nyingi seva hiyo imekaa ndani ya mtandao wa kampuni yako au kwa jirani yake pale Dar es Salaam. Kwa hiyo Mbps 20 ni kasi ya kutoka Mafinga hadi hapo. Video inaweza kuwa inatoka mbali zaidi, kupitia mlango mwingine kabisa. Ni sawa na kusifia barabara ya Mafinga hadi Makambako wakati mzigo wako umekwama bandarini.

Fanya hivi. Unganisha kompyuta moja na ruta kwa waya, zima Wi-Fi, zima kompyuta saba zilizobaki. Hili la kuzima si la kupuuza: Windows ikianza kujisasisha kwenye mashine mbili tu, inakula bomba lote na wewe utailaumu kampuni. Ingia kwenye ukurasa wa ruta (kwa nyingi za laini ni 192.168.8.1 au 192.168.1.1) uandike RSRP, yaani nguvu ya mawimbi. Karibu na −80 ni nzuri, −100 ni dhaifu, ikipita −110 hapo hamna kitu, hamishia ruta dirishani kabla ya kuendelea. Kisha pima saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 3 usiku, kila mara kwa vipimo vitatu: Ookla, fast.com na NDT ya M-Lab. Fast.com ni ya Netflix na hupima kutoka seva za Netflix zenyewe; NDT hupima hadi seva ambazo kwa kawaida ziko nje ya mtandao wa kampuni yako.

Vyote vitatu vikishuka usiku kwa pamoja, tatizo liko karibu: mnara umejaa watu. Hapo hakuna ubaguzi, wote mnagawana kidogo kilichopo. Ookla ikibaki juu huku fast.com na NDT zikianguka saa 3 usiku na kufufuka alfajiri, maungio kati ya kampuni yako na dunia ya nje yamejaa. Vyote vikiwa juu saa zote na video ya huduma moja tu ndiyo inayosumbua, sasa una haki ya kushuku kubanwa.

Kubanwa kuna alama yake. Msongamano hupanda na kushuka, saa moja Mbps 3, saa nyingine 7. Aliyebanwa kwa makusudi hukaa kwenye namba ileile mchana na usiku kama maji ya bomba lenye koki iliyofungwa nusu. T-Mobile ya Marekani ilipoanzisha Novemba 2015 mpango wake wa Binge On, wa kutazama video za huduma fulani bila kukatwa bando, video zilikaa kwenye Mbps 1.5, na Januari 2016 EFF, shirika la kutetea haki za watumiaji wa mtandao, lilipima likakuta hata video za huduma zisizo kwenye mpango huo zinabanwa kiwango hichohicho. Ukiona mstari ulionyooka wa namna hiyo, pakua programu ya Wehe, iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern. Inacheza data ya video mara mbili: mara ya kwanza ikiwa na sura yake, mara ya pili ikiwa imevurugwa ili mtandao usiitambue. Iliyovurugwa ikipita haraka kuliko yenye sura, mtandao unabagua. Rudia angalau mara tano kwa saa tofauti, kipimo kimoja hakithibitishi kitu. Inakula data, kwa hiyo usiijaribu kwenye bando la mwisho wa mwezi.

Sasa hiyo habari ya Netflix. Mwishoni mwa 2013 kasi ya Netflix kwa wateja wa Comcast ilishuka vibaya, na Februari 2014 Netflix ikakubali kuilipa Comcast ili iunganishwe moja kwa moja. Kasi ikapanda. Vyombo vingi vya habari viliandika kana kwamba kuna mtu ndani ya Comcast aliyekuwa akiichagua data ya Netflix na kuiminya. Ugomvi halisi ulikuwa kwenye poti, zile tundu za ruta kubwa ambapo mtandao mmoja unachomeka waya wake kwa mwingine. Zilijaa, na hawakukubaliana nani alipie nyingine. Julai 2014 Level 3, kampuni inayosafirisha data kati ya mitandao, ilieleza hadharani kisa cha aina hiyo kati yake na Verizon, muuza simu na intaneti, huko Los Angeles: kila upande mtandao ulikuwa na nafasi tele, kilichojaa ni poti chache za Gbps 10 zilizowaunganisha, ruta zikiwa jengo moja. Kuongeza kadi na waya ni kazi ya siku moja, kuelewana ndiko kulikochukua miezi.

Comcast hakuhitaji kumbana mtu. Ilitosha kuacha mlango uwe mwembamba wakati foleni inaongezeka. Je, huo nao ni ubaguzi? Sisi tunaona ndiyo, kwa matokeo yake, ila kanuni za Marekani za wakati huo hazikugusa maungio, na ripota aliyeandika "wamevunja usawa wa mtandao" alikosea sheria hata kama alipatia maumivu. Korea Kusini nako kampuni ya intaneti ya SK Broadband na Netflix walishtakiana kwa miaka juu ya nani alipie njia, wakapatana Septemba 2023.

Kwa hapo Mafinga, tukikisia kwa maelezo yako ya "ikifika jioni", dau letu ni mnara au maungio. Vipimo vitasema.

*

Nasoma Iringa. Kuna kifurushi kinachonipa WhatsApp na mitandao ya kijamii kwa bei ya chini kabisa kuliko bando la kawaida. Rafiki yangu anasema huo ndio ubaguzi wenyewe na India waliupiga marufuku. Mimi naona ni msaada kwa mwanafunzi. Tuamulie.
— Mwanachuo, Kihesa

Rafiki yako kapatia kuhusu India. Februari 8, 2016 mamlaka yao, TRAI, ilipiga marufuku kutoza bei tofauti kwa kuangalia ni data ya huduma gani, na faini ikawekwa rupia 50,000 kwa siku. Aliyekusudiwa hasa alikuwa Facebook na mpango wake wa Free Basics, uliotoa kurasa chache bure. Mpango huo huku kwetu uliingia Oktoba 2014 kupitia Tigo, wakati huo ukiitwa Internet.org. Misri ulisimama mwisho wa Desemba 2015. India, Facebook ilijaza matangazo ya kurasa nzima magazetini kuutetea, na hapo ndipo wahariri walipopata mtihani: tangazo la kurasa mbili ndani, habari ya kuupinga ukurasa wa mbele.

Hoja ya wapinzani si kwamba mwanafunzi asipate nafuu. Ni kwamba ukishawapa watu wa mji mzima programu moja kwa bei ya chee, kijana wa Iringa anayetengeneza programu yake ya kuuza mahindi hawezi kushindana, maana kuifungua yake kunakula bando la bei kamili. Hoja ya watetezi ni wewe. Hatuwezi kukuamulia usinunue.

Ila nunua ukijua mipaka. Kifurushi cha namna hii kwa kawaida kinahesabu kinachopita ndani ya programu hiyo tu. Ukibofya kiungo cha gazeti ndani ya WhatsApp umeshatoka nje. Video ya YouTube inayochezea ndani ya kundi inatoka YouTube, haitoki WhatsApp. Simu za sauti na za video wengine huzitoa kwenye kifurushi, soma masharti. Njia ya kujua bila kubishana na mtu: angalia salio la MB na la vocha, tuma picha tano, angalia tena, fungua kiungo kimoja, angalia, piga simu ya WhatsApp dakika mbili, angalia. Na kama una kifurushi hicho pekee bila bando la kawaida, zima data ya programu nyingine kwenye mipangilio ya simu, la sivyo zitakula vocha yako kwa bei ya nje ya bando, ambayo ndiyo kali kuliko zote.

*

Huku Makete mvua ikianza tu intaneti inakufa, ila simu yaonyesha mnara umejaa. Watu wanasema kampuni zinatubagua watu wa milimani, zinawapa mjini kwanza.
— Mkulima wa viazi, Makete

Pole kwa hayo. Mnara kujaa kwenye simu maana yake simu yako na mnara vinasikilizana vizuri, na mvua haiyasumbui sana mawimbi hayo, kwa kuwa 4G husafiri kwenye masafa ya chini kama 800 au 1800 MHz. Kinachokufa ni nyuma ya mnara. Minara mingi ya milimani haijafikiwa na mkongo, inarushiana data kwa madishi ya mawimbi ya masafa ya juu, GHz 15, 18 au 23, na hayo matone makubwa ya mvua huyanywa. Kadiri dishi moja lilivyo mbali na jingine ndivyo mvua inavyolikata mapema. Ukungu haufanyi hivyo, ndiyo maana asubuhi yenye ukungu mzito mnapata mtandao kama kawaida. Mnara wenyewe ukipotea kwenye simu, hapo tafuta habari za umeme na betri zake.

Kampuni kuchagua kupeleka mkongo mjini kabla ya Makete ni uamuzi wa kibiashara unaoweza kulalamikiwa, tena kwa sauti. Lakini usiuite kuvunja usawa wa mtandao, watakujibu kirahisi. Andika tarehe, saa mvua ilipoanza, saa data ilipokufa na saa iliporudi, kwa mvua kumi. Karatasi hiyo fundi wa kampuni hawezi kuibishia.

*

Mimi ni mtangazaji wa redio ya jamii Njombe. Mtandao ukisumbua, wasikilizaji wanapiga simu: "serikali imezima", "kampuni zimebana". Kampuni nazo zinatoa taarifa moja tu, "changamoto ya kiufundi". Nina saa moja kabla ya taarifa ya habari. Nitangaze nini?
— Mtangazaji, Njombe

Dada, anza na kitenzi. Kiswahili kinakulazimisha useme kama kuna mtu aliyefanya au hakuna. Umekatika: hakuna aliyetajwa. Umekatwa: yupo mwenye mkasi. Umezimika na umezimwa, hivyohivyo. Silabi moja, nawe umeshatoa hukumu hewani. Umebanwa maana yake data inapita ila kwa mwendo wa kinyonga; umezibwa maana yake huduma fulani haipiti kabisa huku nyingine zikipita. Mpaka uwe na ushahidi, tumia umekatika, umezimika au "unasumbua", halafu sema unachokijua: wapi, tangu saa ngapi, laini zipi.

Saa moja inatosha kupata mengi. Pata laini za kampuni tatu tofauti na, ukiweza, ofisi moja yenye mkongo wa waya. Piga simu ya kawaida Mbeya, Iringa na Dar. Ikiwa ni Njombe peke yake, hiyo ni habari ya mkongo wa nchi kavu au umeme. Katapila lililochimba pembeni ya barabara limekata intaneti ya wilaya mara nyingi kuliko waziri yeyote. Ikiwa ni nchi nzima, fungua tovuti za ndani, zile zenye seva hapa nchini, kisha za nje. Za ndani zikifunguka huku za nje zikikokota, elekeza macho baharini. Jumapili ya Mei 12, 2024 ilikuwa hivyo: mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu, nchi kadhaa za Afrika Mashariki na Kusini zikayumba siku moja, na waziri wa habari wa wakati huo, Nape Nnauye, akasema hitilafu iko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Nchi jirani kuumia pamoja nawe ni ushahidi mzuri sana kwamba hakuna aliyebonyeza kitufe hapa.

Zikichaguliwa huduma, mambo ni mengine. Oktoba 27, 2020, mkesha wa uchaguzi mkuu, Twitter na WhatsApp zilikuwa miongoni mwa zilizogoma huku kurasa nyingine zikifunguka. Mkongo wa baharini haujui kuchagua. Kwa hali hiyo kuna programu ya OONI Probe, inapima kama tovuti au programu imezibwa na kwa njia gani, na matokeo yanawekwa wazi kwa mtu yeyote. Wengine hujaribu kwa VPN, programu inayopitisha data yako kwa njia ya siri, ila kumbuka tangazo la TCRA la Oktoba 2023 linalotaka watumiaji wa VPN wajisajili. Chumba cha habari kijipange kabla, kisikurupuke siku ya tukio.

Kisha tazama grafu. Cloudflare Radar, IODA ya Georgia Tech na NetBlocks hufuatilia kila nchi. Mkongo ukikatika, kampuni huanguka kwa viwango tofauti, mwenye njia mbadala anashuka nusu, asiye nayo anakwenda chini kabisa, kisha wanapanda kwa hatua. Mtandao ukizimwa, kampuni zote hushuka karibu kwa dakika ileile, na hurudi vilevile. Msikilizaji wa Wanging'ombe haoni grafu, lakini unaweza kumwambia kwa sentensi moja: "kampuni zote zilishuka kwa pamoja saa tano kamili" au "zilishuka kwa kupishana."

Na hiyo "changamoto ya kiufundi" usiisome. Mpigie msemaji umuulize: ni mkongo, umeme au mtambo? Kati ya wapi na wapi? Tangu saa ngapi? Njia mbadala ipo? Asipojibu, tangaza kwamba umeuliza maswali hayo manne na hukujibiwa. Hiyo nayo ni habari.

Wakubwa wa Marekani wameteleza hapa zaidi yako. Mei 2017, baada ya mchekeshaji John Oliver kuwahimiza watazamaji kutuma maoni FCC, mfumo wa tume ulielemewa. FCC ikasema imeshambuliwa na wadukuzi, na vyombo vya habari vikatangaza shambulio. Agosti 2018 mkaguzi wa ndani wa tume hiyohiyo akasema hapakuwa na shambulio lolote, ni watu tu. Yale maoni yenyewe, zaidi ya milioni 22, yaliandikwa sana kama "wananchi wamegawanyika". Mwaka 2021 mwanasheria mkuu wa jimbo la New York alibaini kuwa karibu milioni 18 yalikuwa ya kughushi: milioni 8.5 yalitokana na kampeni iliyofadhiliwa na kampuni za intaneti, na milioni 7.7 za upande wa pili zilitumwa na mwanachuo mmoja wa miaka 19. Ukiletewa karatasi ya sahihi elfu tatu Njombe, chagua thelathini upige simu.

Mfano wa kuiga ni wa Oktoba 2007. Mteja mmoja wa Comcast aliona faili zake za BitTorrent, mfumo wa watu kurushiana faili moja kwa moja, zinakufa katikati. Shirika la habari la AP halikumnukuu tu na kuinukuu kampuni ikikana. Lilijaribu lenyewe, likapakia faili la Biblia ya King James kutoka kompyuta zilizoko miji tofauti. Mara mbili kati ya tatu upakiaji ulizuiwa, mara ya tatu ukaanza baada ya dakika kumi. Kumbe Comcast ilikuwa ikituma ujumbe wa bandia kwa kompyuta zote mbili, kila moja ikidhani mwenzake amekata. Upimaji wa siku chache ulizaa uamuzi wa FCC mwaka 2008, ingawa mahakama iliutengua 2010.

Jambo moja la mwisho, na hili wahariri hawalipendi. Comcast inamiliki NBC tangu 2011. Verizon nayo mwaka 2014 ilianzisha tovuti ya habari, SugarString, na iliripotiwa kwamba waandishi wake waliambiwa wasiguse usawa wa mtandao; kampuni ilikana. Redio yako haimilikiwi na kampuni ya simu, lakini angalia nani kadhamini taarifa ya habari ya saa mbili. Kama ndiye anayelalamikiwa, mtaje kama mdhamini kabla hujasoma habari.

*

Nimelipia intaneti ya mwezi "isiyo na kikomo" dukani kwangu Tunduma. Baada ya siku kumi na mbili imekuwa ya konokono. Si ndiyo kubanwa huko?
— Mfanyabiashara, Tunduma

Ndiyo, umebanwa. Ila hujabaguliwa: wamekubana kwa kiasi ulichotumia, hawakuangalia ni data ya nani. Kwenye masharti kuna kipengele cha matumizi ya haki, kinachosema ukifika GB kadhaa kasi inashushwa. Tafuta namba mbili hapo: kikomo cha GB, na kasi baada ya kikomo. Hiyo ya pili ndiyo bei halisi ya unachonunua. Ikiwa ni kbps 512, faili la GB 1 litachukua saa 4 na dakika 20. Kwa Mbps 10 lingechukua dakika 13 na sekunde 20. Ujumbe na malipo vitapita, kamera za ulinzi za duka hazitapita, na mara nyingi ndizo zilizokula GB zote. Kamera moja inayotuma Mbps 1 mchana na usiku inakula karibu GB 11 kwa siku. Iweke irekodi kwenye kadi yake na itume picha pale tu inapoona mtu.

Zimamoto wa wilaya ya Santa Clara, California, walikutwa na hilihili mwaka 2018 katikati ya moto wa msituni. Verizon iliwashusha hadi sehemu moja ya mia mbili ya kasi yao. Magazeti yakaandika kwamba ni matokeo ya kufutwa kwa usawa wa mtandao. Verizon ilikiri kosa la huduma kwa wateja, ikasema suala ni kifurushi. Kwa tafsiri ya sheria walikuwa sahihi, na bado ilikuwa aibu.

*

Nikishapima yote hayo, nayapeleka wapi?
— Fundi simu, Mwanjelwa

Kwanza kwa kampuni yenyewe, kwa maandishi, na usikubali kuondoka bila namba ya lalamiko. Wakikuzungusha, nenda TCRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini hapo Mbeya mjini. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, TCRA-CCC, nalo husaidia kuandika. Barua iwe ukurasa mmoja: namba ya laini, kifurushi na tarehe ya kununua, mahali hasa (mtaa na kata, "Mbeya" haitoshi), jedwali la vipimo vya siku tatu likiwa na saa, RSRP na Mbps, namba ya lalamiko la kwanza, na unachotaka: kurudishiwa fedha, kuongezewa siku, au maelezo. Usiandike "mnatubagua" kama Wehe haikuonyesha hivyo. Picha za skrini zichapishe kwa wino mweusi, za rangi zikipigwa fotokopi namba hazisomeki.